Homa Iliposhuka, Nikapanda Lori

Homa iliponitoka asubuhi ile, nilicheka peke yangu kitandani. Kwa siku kadhaa dengue ilikuwa imeniponda mifupa kana kwamba nimekanyagwa na ngamia. Sasa mwili ulikuwa baridi, mwepesi, karibu niruke. Kwetu Isiolo homa ikishuka basi umepona. Dada yangu alikuwa ameshabandika supu ya mbuzi ya kushangilia. Sikuingoja. Lori la kwenda Merti lilikuwa likipakia sukari karibu na soko la mifugo, na miguu yangu haijawahi kuvumilia kuona lori likienda bila mimi.

Nilikuwa juu ya magunia nikiimba, daktari aliyenipima alipofika kwa bodaboda. Dada alikuwa amempigia simu.

"Shuka!"

"Daktari, nimepona! Njoo uguse hili paji la uso!"

"Ndiyo maana nakwambia shuka. Si ulisema uliwahi kuugua dengue Mombasa?"

"Zamani sana. Mwili si unaijua sasa?"

"Unaijua nusu. Hii ni aina nyingine ya virusi." Akanyoosha kidole kuelekea sokoni. "Unamwona yule dalali? Anaweza kupitisha mbuzi wa wizi getini kwa sababu askari anamfahamu. Kingamwili zako za zamani, kinga iliyobaki mwilini tangu Mombasa, ni hivyo hivyo. Zinashika virusi, haziviui, zinaviingiza ndani ya seli zilezile za kula vijidudu. Huko vinazaana."

Dereva akaangua kicheko. "Kumbe hata kwa damu kuna madalali!"

"Wewe cheka. Seli hizo zinatoa protini inayolegeza kuta za mishipa. Maji ya damu yanavuja, damu inabaki nzito, presha inaanguka. Na kuvuja kunaanza homa ikishuka. Tumbo linauma?"

Lilikuwa linauma tangu alfajiri. Mimi nilidhani ni hamu ya supu.

Nikasimama kuonyesha nguvu. Soko lote likazunguka, ngamia wakapita angani, nikaporomoka mikononi mwa dereva.

"Ala! Mimi nabeba sukari, si maiti!"

Mchana nilikuwa kitandani hospitalini na dripu mkononi. Lori likapita nje likipiga honi, nikalipungia mkono, chupa ya dripu na mrija wake vikitikisika. Jioni daktari akapima damu tena, akatabasamu: haikuwa nzito kama asubuhi.

"Lori lingine la Merti ni lini?" nikauliza.

Dada, ambaye daktari alikuwa ameshamsimulia yote, akanisukumia kijiko cha supu mdomoni. "Kaulize madalali wa damu yako."