Binti Aliyefunga Kinywa

Bibi yangu, aliyenilea Msambweni, hakuwapenda mabinti wa sultani waliosimuliwa na majirani. Wale walikuwa wazuri kama mwezi, wakikaa dirishani kungoja kuchukuliwa. Wa kwake walikuwa na magaga miguuni na walikoroma. Mmoja alipanda mnazi mbele ya mawaziri wa baba yake akawaangulia madafu. Alinisimulia alasiri, tukisuka ukili wa mikeka, na vidole vyake havikukosea hata alipocheka.

Niliyempenda zaidi ni yule aliyekataa kusema. Kila alipokuja mchumba, binti alifunga kinywa. Wakaleta ngoma, wakaleta vichekesho, wapi. Mchumba huchoka, hupanda punda wake, huyo kwao. "Kinywa kilichofungwa hakiozwi," bibi alimalizia, nami nikayarudia maneno yake kama aya ya chuoni.

Nilikuwa nimevunja ungo karibuni tu, miaka ile ya hamsini, posa ilipokuja kutoka Kikoneni. Mwenye posa alikuwa rika la baba yangu. Mimi nilikuwa nasoma shule na sikutaka kuiacha, lakini baba alikwisha kukubali. Nikamwendea bibi, nikalia mapajani pake mpaka leso yake ikalowa.

"Usilie, mke mwenzangu," akaniambia, kwa utani wake ule wa kujifanya tunagombania mume mmoja, babu yangu. "Siku ya kuulizwa, mimi ndiye nitakayekuja kukuuliza. Wewe fanya kama yule binti yetu."

Nikanyamaza kulia. Usiku huo nilikula wali nikashiba.

Siku yenyewe wanaume walikaa barazani, nami niliwekwa chumbani, ushungi mpaka machoni. Bibi akaingia na kuuliza kwa sauti ya kusikika nje, "Mjukuu wangu, waridhia kuozwa na mtu huyu?"

Nikafunga kinywa. Akauliza tena. Nikauma midomo, nikamtazama, nikamwona akiniitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo, niendelee hivyohivyo. Mara ya tatu sikutoa hata pumzi. Akatoka. Moyoni nilicheka, nilishamwona mzee wa Kikoneni akitafuta viatu vyake.

"Amenyamaza," nilimsikia bibi akiwaambia.

"Alhamdulillahi," wakaitikia, na vigelegele vikapasuka uani.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwetu mwanamwali akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Kusema ndiyo waziwazi ni ukosefu wa haya. Asiyetaka ndiye anayepaswa kutoa sauti. Mambo hayo yalikuwa ya watu wazima, na bibi aliyajua vizuri, maana si mimi wa kwanza kuulizwa naye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ile nilikuwa nikijifunikia kila nilipolia, na nina hasira nayo hata leo, uzeeni.

Aliporudi chumbani na sahani ya halua, nilimwambia, "Bibi, mimi sikusema kitu."

Akaiweka sahani mbele yangu, akanitengenezea ushungi uliokuwa umelegea.

"Ndivyo nilivyowaambia, mwanangu," akasema. "Sikuwaongopea hata neno."