Wimbo Uliponyamaza Sandukuni

Miaka ya hamsini nilifanya kazi kwenye jineri moja, kiwanda cha kuchambua pamba, huku Bariadi, na kazi yangu ilikuwa kukanyaga pamba. Usicheke. Pamba iliyokwisha kutolewa mbegu ilishuka kwenye sanduku la mbao lenye kina cha kumpita mtu, nasi wanaume sita tuliingia humo peku kuishindilia mpaka ifae kufungwa robota. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyetuanzishia wimbo. Tulikanyaga kama tunavyocheza ngoma kwetu baada ya mavuno, mguu wa kulia wote pamoja, wa kushoto wote pamoja.

Mjomba akinyamaza katikati ya wimbo, sote tulisimama palepale. Maana yake mguu wake umekuta ubaridi: pamba mbichi, iliyonyeshewa njiani kutoka Nkoma, au iliyomwagiwa maji na mjanja fulani ili iwe nzito mizanini. Tuliichimbua kwa mikono tukaitupa nje ikaanikwe. Msimamizi akitukuta tumesimama alituita wavivu, nasi tukarudi kukanyaga. Haikutupitia akilini kwamba hilo ni jambo la kumweleza mtu wa ofisini.

Ndipo akaja fundi kutoka Mwanza na mashine ya kushindilia, guu la chuma linalopanda na kushuka, mtu mmoja tu akishika hendeli. Kabla ya kuifunga alitukusanya akauliza tunafanya nini hasa humo sandukuni, ili mashine isipungukiwe na kitu. Lilikuwa swali la maana, nakiri. Tangu tuanze kazi hakuna aliyekuwa ametuuliza.

Mjomba hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Mimi nilikuwa nimesoma miaka minne misheni, kwa hiyo nikawa mkalimani. Mjomba aliongea kwa Kisukuma, na aliongea sana. Alieleza ubaridi ule unavyopenya kati ya vidole, na kwa nini wimbo hukatika. Akaomba hata mashine ikija, abaki mtu mmoja wa kuingia peku kabla ya kila robota kushindiliwa. Wenzetu wote walikuwa wakiitikia kwa vichwa.

Fundi alitazama saa. Asubuhi ile ile alikuwa ameninong'oneza kwamba anatafuta mtu mwenye Kiswahili wa kushika hendeli. Niliogopa kwamba nikimweleza habari za miguu, atamtaka mwenye miguu kama ya mjomba badala yangu.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Anasema wanakanyaga tu, bwana."

Wenzangu watano, mjomba akiwemo, waliachishwa kazi wiki ile ile. Mimi nilibaki na hendeli, na kwa siku chache nilijiona mtu. Chuma hakisimami, hakisikii ubaridi wala joto. Masika yalipofika, marobota ghalani yakaanza kutoa mvuke. Tulipoyapasua, pamba ya ndani ilikuwa nyeusi, imevunda. Fundi akawalaumu wakulima. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na sikufungua mdomo.

Kiangazi kilichofuata nilikutana na mjomba kwenye mnada wa ng'ombe, upande wa Lingeka. Alikuwa amekonda, akichunga mifugo ya watu. Nilitegemea anigombeze, na moyoni nilitamani anigombeze. Aliniuliza habari za mama, za watoto, kisha akasogea karibu.

"Mpwa wangu, yale ya miguu ulimwambia?"

"Nilimwambia yote, mjomba."

Alishusha pumzi, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ni yeye aliyekataa," alisema. "Mwaka mzima nimekuwa nikidhani sikueleza vizuri."

Alikufa akiamini hivyo. Mimi nimezeeka, navaa viatu hata ndani ya nyumba, na mke wangu ananicheka. Lakini Jumapili, kwaya inaponyamaza katikati ya wimbo, nyayo zangu hupata baridi ndani ya soksi. Nasimama wima kati ya watu waliokaa, nikingoja mjomba aniulize tena.