Beseni la Bibi Maendeleo

Harufu ya mapanki ya kukaanga haikutoka kwenye sare yangu ya shule hata ilipofuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani kutwa nzima. Mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishachunwa na kusafirishwa Ulaya: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania kwenye mbavu. Katika miaka ile ya tisini, viwanda vya samaki vilipokuwa vikiota kando ya ziwa na viwanda vya zamani vikipunguza watu, mifupa hiyo ndiyo iliyolisha mtaa wetu. Baba alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alirudi Magu na mama kulima pamba, nami nikaachwa Mwanza kwa dada yake ili nisikatishe shule. Nilikuwa na miaka tisa, na darasani wenzangu walijua nimeingia kabla hawajaniona.

Shangazi aliitwa Kabula, lakini sikumsikia mtu akimwita hivyo isipokuwa baba. Mtaa mzima ulimwita Bibi Maendeleo, kwa kuwa alikuwa afisa maendeleo wa kata. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na pikipiki ya serikali iliyoegemezwa ukutani bila gurudumu la mbele. Kwa hiyo alitembea. Alitembea kuwahimiza watu wachimbe vyoo, kuwasindikiza wajane kwenye baraza la kata mashemeji walipowanyang'anya mashamba, na mara moja alikaa mlangoni kwa mwalimu mkuu tangu asubuhi hadi msichana aliyefukuzwa kwa kukosa sare akarudishwa darasani. Mshahara ulikuja ulipotaka wenyewe. Jioni alikaanga mapanki kama jirani zake, na kila asubuhi beseni lake lilikuwa kwenye foleni ya kununua mapanki kiwandani pamoja na ya wenzake.

Foleni yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Geti la kiwanda lilifunguliwa saa tatu, lakini wanawake walifika alfajiri, na hakuna aliyeweza kusimama muda wote huo wakati nyumbani watoto hawajanywa uji. Basi kila mmoja aliweka beseni lake kwenye mstari, akatia jiwe ndani ili upepo wa ziwa usilipeperushe, akaenda zake. Beseni lilihesabiwa kuwa mtu. Hakuna aliyegusa la mwenzake, hata mwenyewe akichelewa, hata akiwa ni yule mliyegombana naye jana. Shangazi ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo baada ya ngumi za mwanzo mwanzo, na ndiye aliyeamua kesi zilipotokea. Niliyajua mabeseni yote. La bluu lenye ufa ulioshonwa kwa waya lilikuwa la Mama Zuhura, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka ziwa. Letu lilikuwa la kijani, ukingo wake umeungua upande mmoja.

Masika fulani meneja wa kiwanda alimwita shangazi akamwambia kwamba kuna mfanyabiashara kutoka mbali anayetaka kuchukua mapanki yote kwa lori, kila siku. Kwake lori moja lilikuwa afadhali kuliko makumi ya wanawake wanaopiga kelele getini. Akatoa wiki moja: pakiwa na utulivu, wanawake wataendelea kununua; wakigombana tena, basi. Shangazi alirudi akawaeleza. Mama Zuhura akauliza mbele ya wote, "Na wewe umeshapewa chako?" Watu wakacheka, na shangazi akacheka pia, lakini siku hiyo hakumaliza ugali wake.

Siku ya mwisho ya wiki ile lori lilikuja kabla ya saa mbili, likaegeshwa kando ya geti. Shangazi aliitwa ofisini kwa meneja. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwapo, nimechuchumaa karibu na beseni letu. Mlinzi alikuwa amesema samaki walioingia ni wachache na mapanki hayatafika hata beseni la kumi. Letu lilikuwa mbali, karibu na mkia. Nikafikiri: yuko ndani anawapigania hawa wote, halafu atatoka na hataambulia kitu. Wanawake walikuwa wameenda kuzungumza kivulini. Nililinyanyua beseni letu nikalipachika la nne, nyuma ya mabeseni matatu ya kwanza na mbele ya lile la bluu. Jiwe nalo nililihamisha. Jiwe hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwa sababu mtoto asiyejua anachofanya angelisahau.

"Jamani njooni muone!" Ilikuwa sauti ya Mama Zuhura. "Beseni la Bibi Maendeleo limeota miguu!"

"Kumbe maendeleo yenyewe ndiyo haya!" akadakia mwingine.

Wakaanza kusukumana. Mwingine akasema kama ni hivyo na yeye analisogeza lake, akalisogeza. Dereva wa lori alishuka ili aone vizuri zaidi. Kisha mlango wa ofisi ukafunguliwa, akatoka meneja, na nyuma yake shangazi.

Alitazama mstari mara moja tu akajua. "Nani kalisogeza?" aliuliza. Nilinyamaza kwa muda ambao nimeupima mara nyingi kichwani bila kupata jibu. Labda ni pumzi mbili, labda kumi. Halafu nikasema ni mimi. Nilitegemea kofi, na naamini wote pale walilitegemea, maana kofi lingemsafisha.

"Ni mtoto wangu," aliwaambia. "Kwa hiyo ni mimi." Akalichukua beseni, akapita nalo mbele ya kila mwanamke hadi mkiani, akalifudikiza chini. Akasema mwezi huo hatanunua panki hata moja, na kuanzia saa ile msimamizi wa foleni ni Mama Zuhura.

"Mimi?" Mama Zuhura alishtuka.

"Wewe. Umeliona kabla ya wote."

Mama Zuhura alifunga kanga yake upya kiunoni, akamgeukia yule aliyesogeza lake. "Wewe naye, rudisha! Unangoja nini?" Likarudishwa. Wanawake wakaketi chini, kila mmoja nyuma ya beseni lake, miguu wameinyoosha, kimya. Meneja aliwatazama kwa muda, kisha akamwashiria mlinzi afungue geti. Lori liliondoka tupu. Lilirudi baada ya miaka miwili, kiwanda kilipopata mwenye mali mwingine ambaye hakutaka kuzungumza na mtu. Lakini katika miaka miwili ile kuna watoto waliomaliza darasa la saba.

Mwezi mzima tulikula mlenda. Siku moja nikathubutu kumwambia kwamba nilitaka na yeye apate. "Najua," alijibu. "Ndiyo maana sikukuchapa."

Sasa nina shahada ya kazi aliyoifanya yeye kwa cheti cha miezi tisa, na huu ni mwaka wa pili nasubiri ajira. Foleni ya zamani uliiona kwa macho. Ya siku hizi unatuma bahasha, na hujui uko wa ngapi wala nani amepachikwa mbele yako. Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili, nikaenda Buswelu, anakoishi sasa, kumsalimia shangazi.

"Marahaba. Umekonda," alisema. "Ni mawazo tu hayo." Nilipomweleza habari ya usaili, akauliza nani anausimamia. Nikamtajia. Alivua miwani akaipangusa kwa pindo la kitenge. "Huyo alianza kazi chini yangu," alisema. "Nimpigie simu?"

Sijui kama alikuwa ananijaribu, au ni uzee, au ni mapenzi tu ya mtu anayemwona mtoto wake anakonda. Nilisema, "Hapana, shangazi," haraka mno, kabla sijapata muda wa kufikiri. Alivaa kandambili, akachukua fimbo yake, akanisindikiza mpaka barabara kuu, safari ambayo magoti yake hayajamruhusu tangu mwaka juzi.