Tufe la Watu Mezani kwa Baba

Kabla jeneza la Baba halijatolewa uani kwetu Ngombezi, mzee mmoja wa msikitini alisimama akasema yale yanayosemwa kwenye kila msiba: kama kuna anayemdai marehemu, au ana kitu chake kwa marehemu, aseme, ili ndugu yetu aende akiwa mwepesi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, karibu na dirisha. Kwa kawaida hapo watu hukaa kimya, wengine husema chini chini, "Tumemsamehe," kisha jeneza huinuliwa.

Siku ile mtu mmoja aliinua mkono. Nilimfahamu. Ni mwenye banda la video pale Korogwe, karibu na stendi.

"Mimi simdai hela," alisema. "Ana kitu changu. Nilimpa kikiwa kinawaka kwa kusitasita. Siku tatu kabla hajazidiwa nilikwenda kukiona, kikawa hakiwaki kabisa. Nasema kwa sababu tumeulizwa."

Watu waliguna. Baba mdogo, mdogo wake Baba, akajibu haraka, "Kitarudi, ndugu yangu. Kitarudi kizima." Jeneza likapandishwa kwenye gari kwenda Kwaluguru, kwenye makaburi ya kwao. Mama hakulia kwa sauti. Aliniambia tu, "Baba yako ameondoka na amana ya watu."

Maneno hayo sikuweza kuyatoa kichwani. Mama alikaa eda kwenye chumba cha ndani, na kila shangazi alipokuja kumpa pole aliuliza kama kile kitu kimesharudi. Usiku nilimsikia Mama akimwombea Baba, halafu ananyamaza katikati ya dua kama mtu aliyekumbuka jambo.

Kitu chenyewe kilikuwa tufe la kioo, kubwa kidogo kuliko chungwa, limekaa juu ya kibweta cheusi cha plastiki. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na vitu vya nje vilikuwa vinashuka Korogwe kila wiki, redio za kaseti, saa zinazoimba, taa za rangi, na vingine ambavyo hata muuzaji hajui ni vya nini. Mwenye banda alilinunua kwenye marobota ya mitumba Dar es Salaam akaliweka pale wateja wanapolipia. Ukiliwasha, ndani panacheza nyuzi za mwanga wa zambarau kama radi ndogo, na ukiweka kidole juu ya kioo, uzi mmoja unakuja kukifuata. Watoto walikuwa wanaingia bandani kwa ajili ya tufe, si kwa ajili ya video.

Baba alikuwa fundi redio. Wanafunzi wenzangu walijua kwamba baada ya shule napitia kibandani kwake, wakanitania kwamba nitaolewa na spika. Mimi si mtu wa maneno, kwa hiyo sikujibu. Pale kibandani hakukuwa na haja ya kuongea sana. Nilikuwa nampa bisibisi, nampa waya wa risasi wa kulehemia, na yeye alikuwa anaeleza kazi kama vile anajielezea mwenyewe. Tufe lilipoletwa alinieleza hivi. Umeme wa betri peke yake hauwezi kutoa radi, ni mdogo na umetulia. Kwa hiyo ndani ya kibweta kuna transista inayouwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo wa kukatikakatika unaingia kwenye koili iliyozungushwa kwenye kipande cheusi kinachofanana na chaki. Upande mmoja mizunguko ni michache ya waya mnene, upande wa pili ni mingi mno, ya waya mwembamba kama unywele, na huko umeme unatoka ukiwa na nguvu ya maelfu ya volti. Ndani ya tufe hewa yetu imenyonywa, ikawekwa gesi nyingine kidogo sana, na gesi hiyo ikipigwa na nguvu ile inawaka.

"Sasa mbona haitupigi?" nilimuuliza.

"Kioo kinazuia. Kinachopita ni kidogo mno, tena kinakwenda na kurudi upesi. Mwili wako ni mkubwa na una maji, umeme unauona kama njia nzuri ya kwendea chini, ndiyo maana uzi unakufuata. Haukupendi, mwanangu. Unatafuta njia tu."

Akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. Kifua kilikuwa kimeshaanza.

Baada ya mazishi, vitu vya kibandani vililetwa nyumbani. Nilimwomba Baba mdogo aniachie tufe nilitazame. Shangazi akasema, "Muache, atalivunja, halafu tutakuwa na madai mawili." Lakini Baba mdogo alikuwa ameahidi mbele ya jeneza na hakuwa na fundi wa kumpelekea. Akaniachia.

Nilifungua kibweta mchana, Mama akiwa upande wa pili wa pazia. Nikaunga betri ya gari ambayo Baba alitumia kupimia redio. Tufe lilikuwa kimya, na transista ikapata moto mpaka nikatoa kidole. Nikazima. Niliipima kwa mita ya Baba, miguu yake yote mitatu, nikakuta nzima, tena mpya. Baba alikuwa ameshaibadilisha. Nyuzi za koili nazo hazikuwa zimekatika. Kila kitu kilikuwa kizima na hakuna kilichofanya kazi.

Kilichonionyesha ni risasi. Viungo vya waya alivyolehemu Baba vilikuwa vidogo na vinang'aa, ningevitambua popote. Lakini pale chini ya koili palikuwa na viungo viwili vilivyovimba, vimepauka, risasi imemwagika pembeni. Vilikuwa vyake pia, vya siku zile alipokuwa analehemu huku mkono wa kushoto umeushika wa kulia ili usitetemeke.

Mbali na zile pande mbili, koili ilikuwa na mzunguko wa tatu, mdogo kuliko yote, na viungo hivyo vilikuwa vya mzunguko huo. Huo hautoi radi. Kazi yake ni kurudisha habari kwa transista, ijue wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, huu mchi unashuka wakati ule unapanda. Nyaya mbili za mzunguko huo zikibadilishana mahali, habari inafika kinyume, michi inashuka pamoja, na kazi inasimama. Transista inabaki imewaka tu, inachemka bure.

Nilipasha moto chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, nikazibandua nyaya zile mbili, nikazibadilisha. Nikaunga betri. Kulisikika mlio mwembamba kama wa mbu, na tufe likajaa nyuzi za zambarau. Sikumwita mtu. Niliweka kiganja juu yake nikakaa hivyo.

Siku ya arobaini, hitma ilipokwisha na watu wamekula, mwenye banda alikuja. Baba mdogo alimketisha sebuleni, akafunga madirisha, nami nikawasha. Yule bwana aliweka kidole na uzi ukamfuata.

"Kinawaka kuliko siku nilipokinunua," alisema. "Kilikuwa na nini?"

"Kilichoka tu," Baba mdogo akajibu. "Vitu vya mitumba, unavijua."

Ingeweza kuishia hapo. Lakini nilifikiri kwamba amana ikirudishwa na uongo juu yake, bado haijarudi yote. Nikasema, nikitazama meza, "Baba aligeuza nyaya mbili. Mikono yake ilikuwa inatetemeka."

Baba mdogo alinikazia macho. Mwenye banda hakuondoa kidole.

"Niliiona ile mikono," alisema. "Nilimkuta amejifunga shuka, anatoka jasho. Nikamwambia Ijumaa nakitaka, wateja wananiuliza. Akaniambia sawa, kaa nimalizie. Nikakaa namtazama." Akageukia pazia, alikokuwa Mama. "Shemeji, kitu changu nimekipata. Marehemu hana langu. Ila mimi naona nina lake."

 Nilisikia mkeka wa Mama ukikwaruza.

"Umesamehewa," alisema. "Chukua tufe lako uende salama."

Nilitoa nyaya kwenye betri na mwanga ukakatika. Kioo kilikuwa bado na joto nilipompa.