Intaneti ya Chini ya Vitenge

Juzi, kwa fundi wa kompyuta hapa Bariadi, nilimkuta mama mmoja amekunja uso. Intaneti ya kwake inajikokota, na maombi ya kazi ya binti yake yanafungwa kesho yake.

"Ruta umeiweka wapi, mayu?" fundi akauliza.

"Iko salama. Ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge, nimepiga kufuli. Waya tu ndio uko nje."

Fundi akashika kiuno. "Bati linazuia mtandao. Iweke juu ya kabati."

"Na majirani, si wataitumia bure?"

"Bila neno la siri hawawezi."

Mama akapapasa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga. "Basi hilo neno ndilo nitalifungia sandukuni."

Nikatoka nikijiuliza kama binti naye atapewa ufunguo.