Unga wa Papai Ulioingia Unyevu

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Maabara ilikuwa nje kidogo ya Temeke, nami nilikuwa msaidizi wa Mkemia Mkuu, Mwingereza. Alinionyesha mashine ya eksirei na chupa za unga wa utomvu wa papai. Unga ule una protini inayogandisha maziwa, na kazi yetu ilikuwa kukadiria ukubwa wa molekuli yake, yaani chembe yake moja.

Tuliupiga unga mionzi. Ukirusha mawe gizani, boga hupigwa upesi kuliko limau; molekuli kubwa nayo huharibika upesi kuliko ndogo. Kisha nilitia unga kwenye maziwa, nikashika saa. Maziwa yakichelewa kuganda, nilijua molekuli nyingi zimeharibika, na kutokana na hapo tukakokotoa ukubwa.

Sharti ni unga uwe mkavu. Mionzi ikipiga unyevu, unyevu huo huharibu hata molekuli zilizokoswa, nawe utadhani ni kubwa. Masika moja Mkuu aliacha chupa wazi mezani, akaenda kunywa chai. Unga ukashikana.

"Bwana Mkubwa, unga umeingia unyevu. Tuukaushe upya."

"Wewe hapana fikiri," alinijibu. "Wewe osha chupa."

Jibu lilitoka mara mbili ya ukubwa wa kweli. Alilichapisha Ulaya, wenzake wakamcheka. Akachapisha maelezo ya kujitetea: kosa ni uzembe wa msaidizi wake, akanitaja kwa jina langu na la baba yangu. Nikashushwa cheo, nikawa mwosha chupa kweli.

Mkemia aliyemfuata aliniita. "Nasikia ulisema ni unyevu. Nionyeshe."

Nilikausha unga, nikaziba mdomo wa chupa kwa kuuyeyusha kioo chake motoni, nikapima mwezi mzima. Ukubwa wa kweli ukapatikana. Nilimwambia mke wangu, "Sasa jina langu litasafishika."

Makala aliyochapisha kuhusu kipimo hicho ilipofika, mwishoni ilishukuru watu, hata mzungu mwenye ng'ombe aliyetuuzia maziwa. Niliisoma mara tatu.

"Bwana, mbona mie simo?"

"Si desturi kutaja wasaidizi," alisema, wala hakuinua macho.

Nimestaafu sasa. Vijana mnaokuja kunisalimu mnataka niseme ilikuwa kazi ya heshima. Niliipenda, lakini hasira haijaniisha. Desturi yao naijua: jina langu walilichapisha mara moja tu, na hawakukosea hata herufi.