Mzinga Katikati ya Njia

Mvua ya mawe ilitukuta tukianza kupanda milima ya Mwese, ikatupiga bila huruma. Tulitupa pikipiki chini tukajibanza kwenye ukingo wa barabara, mabegi kichwani, huku mawe yakitutwanga migongo na kupasua kioo cha pembeni. Rafiki yangu alicheka muda wote. Mimi nilitukana. Safari ilikuwa wazo lake: tutoke Shanwe tukaone maporomoko ya maji aliyoyasifia tangu tukiwa shule, utadhani ameyajenga yeye.

Ilipokoma, milima ilikuwa myeupe. Nyasi, mashamba ya maharage yaliyochanikachanika, barabara yenyewe, kote barafu. Ilipendeza, sikatai.

"We jamaa, nipige picha," alisema, barafu imemjaa mikononi. "Leo nyumbani watajua tumeenda Ulaya."

Jua likatoka kali. Maporomoko yalikuwa yameanza kusikika yakinguruma chini ya barabara tulipokuta mzinga wa nyuki katikati ya njia. Ulikuwa wa gogo, ule wa kutundika mtini. Mvua ilikuwa imeuangusha na kuupasua ubavu. Nilisema tupite mbali. Yeye akazima pikipiki.

Baba yake alikuwa mrina asali, na kwao mzinga ulioanguka hauachwi njiani. Hata kama humjui mwenyewe, unausogeza kando, unauegemeza kwenye mti, ndipo unaendelea na safari. Alikuwa amefanya hivyo tangu utotoni, lakini asubuhi, kwenye baridi, nyuki wakiwa wametulia. Hawa walikuwa wametoka kupigwa kama sisi, na jua limewapasha moto.

"Usiuguse huo!" nilipiga kelele.

"Mara moja tu, kaka."

Walimvamia usoni. Sikuona tena macho yake, niliona nyuki. Alipiga mayowe, akaanguka, akainuka, akakimbilia mlimani, kwenye uwazi, ambako wangemmaliza. Mimi nao walishanifikia shingoni. Nilimdaka shati nikamvuta kuelekea kwenye maji, na hapo akaanza kunipiga mimi. Rafiki yangu anaogopa maji kupita kiasi. Hajawahi kuoga mtoni maisha yake yote. Maporomoko aliyapenda kwa mbali tu. Alinitwanga ngumi ya mdomo. Nikamrudishia kwa nguvu zangu zote, akalegea, nikamburuza juu ya mawe yanayoteleza mpaka magoti yakamchunika.

Nilimwingiza nyuma ya maji yanayoanguka. Nyuki wa nje hawakuweza kupita, ila waliong'ang'ania nywele zake waliendelea kumchoma. Basi nikamkandamiza kichwa ndani ya maji, nikamtoa apumue, nikamkandamiza tena. Aliamini namuua. Aliniuma mkono hadi meno yakazama, damu ikachanganyika na maji. Sikumwachia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na woga wote ulinitoka kwa matusi.

Watu wa kijiji cha jirani walisikia kelele, wakatukuta nyuki wakiwa wameshatawanyika. Walitubeba hadi nyumba ya karibu, mama mwenye nyumba akatukwangua miiba kwa ubapa wa kisu. Rafiki yangu alilazwa kwenye mkeka, uso umevimba kama andazi, macho yamezibika kabisa. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi kila alipovuta pumzi. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeitwa, lakini njia ilijaa tope, na kila filimbi ilipokawia mimi nilisimama.

Mwenye mzinga akaingia, mzee mwenye panga mkononi, uso umekunjamana. Nilijua amekuja kutugombeza. Kabla hajafungua mdomo, rafiki yangu akachezesha midomo yake mikubwa.

"Mzinga," alisema. "Umeuegemeza?"

Nilitaka kumpiga tena. Mtu anakufa, anaulizia gogo! Tulikuwa tumeuacha palepale njiani, umepasuka zaidi ya tulivyoukuta, na mzee alikuwa ametoka kuuona. Alinitazama, akautazama mkono wangu unaotoka damu. Akaweka panga chini, akachuchumaa kando ya mkeka.

"Umeegemezwa, mwanangu," alisema. "Nimeukuta uko vizuri kabisa."

Rafiki yangu akashusha pumzi ndefu. Filimbi ikaendelea, taratibu, haikukawia tena. Mimi nilitoka nje, barafu ikiyeyuka uani, nikalia kwa sauti.